Nusu Saa Bila Taa

Dakar, Senegali
9 Juni 2024

Aciro wangu,

Nimefika salama. Kamera zote zimefika, mafua niliyoyapata kwenu nayo yamefika.

Nakuandikia barua kama zamani, ila hii ni ya mtandaoni, kwa sababu laini yangu ya Kenya haishiki huku, na kwa sababu wewe hutaki WhatsApp. Bado unaamini kuna mtu ameketi mahali akizisoma jumbe zako? Tulipolala bweni moja kule Kitale ulifunga sanduku lako kwa kufuli mbili, na ndani hamkuwa na kitu ila sabuni na biskuti. Matroni akakubatiza Bi Wasiwasi. Naona umri haujakuponya.

Dakar imekaa kwenye ncha kabisa ya bara, bahari imeizunguka karibu pande zote. Jioni nashuka kwenye miamba, nasimamisha kamera kwenye miguu yake mitatu, naliacha jicho lake wazi kwa muda mrefu. Mawimbi yanayopiga kelele namna ile yanatoka pichani kama moshi uliolala chini. Ni pazuri. Lakini mji una taa nyingi mno, na nikiinua kamera juu sipati nyota hata moja.

Ndiyo maana kila usiku nairudia ile ya kwenu. Nimekuambatishia nakala ndogo. Tazama paa la ghala lenye jina la kampuni yenu, tazama mlingoti wa taa ulivyosimama mweusi, halafu mtaa wa Namuwongo chini yake, halafu taa za Luzira, halafu ziwa. Na juu ya ziwa nyota zimeacha mistari, nusu saa nzima ya usiku ndani ya picha moja. Nimezunguka nchi ngapi nikiitafuta picha hiyo, kumbe ilikuwa juu ya tangi la maji kwenye yadi anayolinda baba yako mdogo!

Namsikia bado: "Mimi miaka yote hapana zima hii taa. Leo nazima, kwa sababu wewe mgeni ya mtoto wangu." Na yule kijana wa geti la nyuma, Ojera, akapiga kelele gizani, "Afande! Huku mimi naona nyeusi tu!" Na mzee: "Fungua macho yote mawili, basi!" Nilicheka nikaogopa nitaitikisa kamera.

Maonyesho ya Tangier, Moroko, yamekubali kazi yangu. Picha ya Kampala ndiyo itakuwa kubwa kuliko zote. Chini yake nitaandika shukrani kwa Mzee Ocira, mlinzi mkuu, na kwa binti yake Aciro. Msomee, afurahi.

Wako,
Nabalayo


Kampala
16 Juni 2024

Mpendwa Nabalayo,

Nashukuru kwamba umefika. Barua yako nimeisoma kwenye mkahawa wa intaneti hapa Kisugu, nikiwa nimekaa kiti cha ukutani ili mtu asipite nyuma yangu. Cheka tu.

Baba mdogo anakusalimu. Goti lake linamsumbua kwa sababu ya mvua. Mkewe, mama mdogo Aol, anauliza kama huko unapata chakula cha kueleweka, maana anasema ulikuja mwembamba na ukaondoka mwembamba, na yeye alipika.

Ofisini Ntinda si kwema sana. Wiki ile ulipokuwa kwetu, wezi walikata seng'enge nyuma ya yadi wakabeba nyaya za shaba, karibu zote zilizokuwa zimeingia mwezi ule. Polisi wamemchukua Ojera. Yeye ndiye aliyekuwa na zamu upande wa nyuma. Wengine wanasema alilala, wengine wanasema aliwafungulia wenzake. Barua za jambo hilo nazichapa mimi, ndiyo kazi yangu, kwa hiyo si vizuri nikueleze zaidi.

Nina ombi dogo. Tafadhali usiandike jina la baba mdogo wala langu chini ya picha. Yeye ni mtu wa kazi ya ulinzi, hapendi kutajwa. Na kama bado inawezekana, labda uchague picha nyingine. Ile ya Ggaba asubuhi, ufuko wa ziwa na wale korongo wamesimama kwenye takataka, kwa maoni yangu ni nzuri zaidi. Ile ya usiku ina giza sana. Watu hawatajua wanatazama nini.

Samahani kwa kukusumbua.

Rafiki yako,
Aciro


Dakar
30 Juni 2024

Bi Wasiwasi,

Majina nimeyatoa. Lala usingizi.

Lakini picha ya Ggaba! Aciro, hiyo ni picha ya kalenda ya benki. Msimamizi wa maonyesho, mwanamke Mkongo anayeitwa Celestine, ameiona ile ya usiku akaniandikia saa hiyo hiyo, na huyo si mtu wa kuharakisha. Itachapwa kwa upana wa ukuta mzima. Itaingia kwenye kitabu cha maonyesho, kitakachochapwa mwezi wa nane, na kwenye tovuti yao. Mwaka jana nilipiga picha za harusi Bungoma ili nilipe kodi ya nyumba, unajua. Hii ndiyo mara yangu ya kwanza kuambiwa kwamba ninachokiona kina maana kwa mtu mwingine.

Habari ya Ojera imenikaa vibaya. Ndiye aliyetuletea gonja, zile ndizi zenu za kuchoma, akaniuliza kama kamera inaweza kumpiga picha mtoto wake asiyetulia. Mtu mpole vile! Sasa niulize kama mjinga: ilikuwa usiku gani walipoiba? Kama ni ule wetu, si aseme tu kwamba taa ilikuwa imezimwa? Mzee atamtetea. Alikuwepo.

Nijibu hilo kwanza, ya korongo baadaye.

Nabalayo


Kampala
12 Julai 2024

Nabalayo,

Nimeandika jibu mara nyingi nikalifuta. Sasa nakujibu.

Ilikuwa usiku ule.

Seng'enge imekatwa nyuma ya ghala, mahali ambapo taa ikiwaka hata paka anaonekana akipita. Sisi tulikuwa juu ya tangi tunatazama ziwa, na wewe umetukataza hata kuwasha simu. Nilisikia gari likinguruma barabara ya chini. Nilidhani ni watu wanatoka baa.

Ojera amesema. Tangu siku ya kwanza amesema taa ilizimwa, na aliyeizima ni Afande Ocira, na kulikuwa na mgeni mwenye kamera. Bwana Cleopas, meneja wetu, ni wa kwenu, Mkenya, na kwa kawaida ni mtu wa haki. Alimwita baba mdogo ofisini akamwuliza. Baba mdogo akajibu kwamba taa iliwaka usiku kucha na hakuna mgeni aliyeingia. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale. Nikachapa: taa iliwaka usiku kucha. Baba mdogo akasaini bila kunitazama. Bwana Cleopas hakuniuliza kitu, kwa sababu hajui kwamba nilikuwa yadini, na jina lako halikuandikwa getini. Wageni hawaruhusiwi. Nilijua hawaruhusiwi siku nilipokuleta.

Ojera amepelekwa rumande Luzira.

Sasa nikueleze usilolijua. Baba yangu, Komakech, alipofia jeshini mimi sikuwa nimeanza shule. Baba mdogo alinichukua kama mtoto wake wa kuzaa. Karo ya Kitale aliilipa yeye. Alipostaafu alipata ulinzi huu, na nyumba wanayolala ni ya kampuni, ndani ya yadi. Hata kazi yangu aliniombea yeye, kwa kusimama mlangoni kwa Bwana Cleopas na kofia mkononi. Akifukuzwa, Aol na watoto wanatoka naye, na mimi natoka. Na huenda asifukuzwe tu. Huenda akapelekwa alikopelekwa Ojera.

Picha yako inaonyesha paa lenye jina la kampuni, mlingoti, na taa iliyozimika. Ulinieleza mwenyewe kwamba ndani ya faili kuna tarehe na saa. Bwana Cleopas ana jamaa kila mahali, na kitu kikiwekwa kwenye tovuti hakina mipaka.

Itoe. Ifute. Ile nakala ndogo uliyonitumia nimeshaifuta.

Aciro


Tangier, Moroko
19 Julai 2024

Aciro,

Picha iko ukutani tangu juzi. Jana mzee mmoja aliniuliza zile taa kando ya maji ni za nini. Nikamwambia ni Luzira, kuna bandari na kuna gereza, nikasema hivyo kwa furaha ya mtu anayeujua mji. Usiku nikafungua barua yako.

Sikulala. Mimi ndiye niliyeomba taa izimwe. Mzee alikataa, nikaomba tena, nikamwita baba. Wewe ulivuta mkono wangu na mimi nikautoa. Kwa hiyo usidhani nakuandikia kama mtu asiye na lake.

Lakini sikiliza unachoniomba. Kuna kitu kimoja tu duniani kinachosema kwamba Ojera si mwongo, na wewe unaniambia nikifute. Ulichapa uongo kwa vidole vyako na sasa unataka vyangu navyo vifanye kazi! Yule mtu ana mtoto, Aciro. Alitaka nimpige picha.

Siwezi kuipeleka kwa mtu yeyote nyuma ya mgongo wako. Hilo nakuahidi, sitakuuza. Lakini zungumza na mzee. Mwambie picha ipo. Akienda mwenyewe kwa Cleopas kabla ya kuitwa, huenda wakamhurumia. Wewe tu ndiye unayeweza kumwambia.

Nje upepo wa mlango wa bahari unapiga madirisha. Ng'ambo naziona taa za Hispania, karibu kama Luzira ilivyo karibu na tangi lenu. Nimebeba kamera, nimetoka, nimerudi bila picha.

Nabalayo


Kampala
27 Julai 2024

Nabalayo,

Nimezungumza naye. Jumapili baada ya ibada, nje ya nyumba, alikuwa anapaka rangi viatu vyake vya kazi.

Nikasema, "Baba, ile picha ya Nabalayo ipo."

"Picha gani?"

"Ya usiku ule. Inaonyesha taa imezimwa."

Akaendelea kupaka. "Hiyo picha ya nyota. Nani anaangalia picha ya nyota anatafuta balbu?"

"Mtu wa kampuni."

"Wewe mtu ya kampuni. Wewe umetafuta?"

Akaniambia nikae chini, nikakaa. Nikamwambia, "Ojera yuko Luzira."

"Mimi najua Ojera iko wapi. Mimi ndiye nilifundisha yeye kushika bunduki vizuri, alikuwa anashika kama jembe." Akakitazama kiatu. "Yeye kijana. Hata wakifunga yeye, atatoka na nguvu yake. Mimi nikitoka hapa kesho, natoka na nini? Na hili goti? Wewe umesoma Kenya kwa hili goti."

Mama mdogo Aol akaita kutoka jikoni, "Mnazungumza nini huko kama watu wa mahakamani?"

"Mpira!" baba mdogo akajibu.

"Mpira gani wa sauti ndogo hivyo?"

"Timu yetu imefungwa, mama. Tunalia pole pole."

Aol akacheka. Yeye hajui chochote, Nabalayo. Alikuwa amelala usiku ule, na asubuhi alikukaangia mayai.

Halafu baba mdogo akaniambia jambo ambalo nakuandikia kama alivyolisema. "Ambia rafiki yako, mimi nilipatia yeye kiti, nilipatia yeye chai, nilizima taa. Sasa yeye anataka kuchoma nyumba?"

Akapaka tena kiatu kilichokuwa kimeshang'aa. Sijawahi kumwona akiogopa. Kila mtu anajua mwoga ni mimi, si yeye.

Usiniulize tena nani ana haki. Mimi nina baba mmoja aliyebaki. Mwaka wa tatu ulipougua homa ya matumbo, na wasichana wengine walikataa hata kukuletea maji, nilikaa nawe zahanati mpaka ukasimama. Sijawahi kukukumbusha. Leo nakukumbusha. Ifute kila mahali ilipo. Halafu niandikie neno moja tu, kwamba imefutwa.

Aciro


Kampala
4 Agosti 2024

Nabalayo,

Kama bado hujafanya nilichokuomba, usifanye. Nasali kwamba hukufanya.

Ijumaa mke wa Ojera, Alanyo, alikuja ofisini. Ameshakuja mara nyingi, lakini huishia kwa askari wa mlangoni. Safari hii Bwana Cleopas alikuwa ametoka, askari akamwonea huruma akampitisha. Akaja moja kwa moja mezani kwangu, mtoto mgongoni.

"Dada, wanasema wewe karani."

Nikamwambia ndiyo.

"Mimi Kiingereza sijui kuandika. Niandikie barua kwa mkubwa. Nitasema, wewe utaandika."

Nabalayo, nilipaswa kumwambia aende kwa wale wanaoandikia watu barua sokoni. Nikawasha kompyuta. Akaanza kusema, na mimi nikaanza kuandika, kwa sababu ndivyo nilivyozoea, mtu akisema naandika. Akasema mumewe anaitwa Ojera. Akasema ana heshima na hajawahi kumwibia mtu. Halafu akasema, "Andika kwamba taa ilizimwa. Alimwambia Afande Ocira huku ni giza, na Afande alimcheka."

Vidole vyangu vikakataa.

Akaniuliza, "Kwa Kiingereza ni ngumu?"

Nikasema, "Hapana, si ngumu."

"Basi mbona unangoja?"

Nikaandika. Akaweka alama ya kidole gumba chini yake, akanishukuru, akanisifu kwamba nina haraka kuliko karani yule wa mahakamani. Kisha akaniuliza kama nimeolewa, akasema nisiolewe na mlinzi. Alikuwa anajaribu kunichekesha. Mimi!

Bwana Cleopas aliporudi aliisoma amesimama, akasema, "Hao kila mmoja ana hadithi yake ya taa," akaitia kwenye droo.

Kesi inatajwa tarehe kumi na nne. Nitumie faili lenyewe, lile kubwa lenye tarehe na saa ndani yake. Nitalipeleka mimi. Nimejaribu kusema na baba mdogo tena, akaondoka nikiwa katikati ya neno. Sijui nitamtazamaje baadaye. Lakini litume upesi, kabla sijaogopa tena.

Aciro


Al Hoceima, Moroko
2 Agosti 2024
(Hapa milimani juu ya ufuko hakuna mtandao. Nimeituma tarehe 5, nilipofika mjini.)

Aciro,

Imefutwa.

Uliomba neno moja tu, lakini nitakuongezea, kwa sababu nataka ujue kilichofutwa. Nilimwambia Celestine naiondoa picha. Aliuliza sababu, nikasema ni ya familia. Akasema msanii anayeondoa kazi yake kuu baada ya ufunguzi haalikwi tena, na kwenye kitabu hatakuwa na ukurasa. Nikasema sawa. Ile kubwa ya ukutani tuliikata vipande kwa kisu cha karatasi, kwa sababu haikuweza kukunjika. Wameifuta kwenye tovuti na kwenye kompyuta zao nikiwa nimesimama nyuma yao. Kwenye zangu nimeifuta mimi, pamoja na ile nakala ndogo niliyokutumia. Kadi ya kamera nimeifuta, halafu nimekuja huku nikapiga bahari usiku mzima hadi kadi ikajaa, ili isiweze kurudishwa hata na fundi.

Nimefanya hivyo kwa sababu ya zahanati ya Kitale. Ulikuwa na haki ya kuidai. Ila umenilipisha kwa mgongo wa mtu mwingine, na sijui kama hilo nitaweza kulisahau. Usiniandikie kwa muda.

Nabalayo


Tangier
6 Agosti 2024

Aciro,

Barua yako ya tarehe nne niliisoma jana nikiwa kwenye basi, yangu ikiwa imeshatoka, nikapiga kelele, watu wakageuka.

Nimekwenda kwa mafundi wawili. Wa kwanza alinipa bahari. Mawimbi, mawimbi, mawimbi ya Al Hoceima, kila alichokivuta kutoka kwenye kadi kilikuwa bahari. Wa pili hakutaka hata kujaribu. Celestine hana. Nimemwomba mpiga chapa, ameniambia hawahifadhi.

Nilichobaki nacho ni neno langu. Nimeliandika, nimelisaini mbele ya mwanasheria wa hapa, nimekuambatishia: kwamba mimi, Nabalayo, ndiye niliyeomba taa izimwe, kwamba ilizimwa kwa karibu nusu saa, kwamba nilimsikia Ojera akilalamika. Nambari yangu ya simu ya hapa ipo chini. Waambie wanipigie wakati wowote.

Laiti ungesema mapema. Laiti nami nisingekutii.

Nabalayo


Kampala
11 Agosti 2024

Nabalayo,

Umesema laiti mara mbili na mimi nimezisema zaidi yako, kwa hiyo tuziache.

Jumatano nilimpelekea Bwana Cleopas karatasi yako. Nilikuwa nimeikunja mara nyingi mno, ikawa vigumu kuifungua mbele yake. Nikamwambia, "Nilikuwa yadini usiku ule. Taa ilizimwa. Mgeni alikuwa wangu."

Akaisoma. Akauliza, "Na picha yenyewe iko wapi?"

"Imefutwa."

"Nani aliifuta?"

"Mimi niliomba ifutwe."

Akatuma watu wamlete baba mdogo. Alifika na sare yake, ameipiga pasi. Bwana Cleopas akamsomea yote kwa sauti, mimi nimesimama pembeni ya kabati la mafaili, na makarani wenzangu, Babra na Olivia, wameacha kufanya kazi.

"Mzee Ocira, unasemaje?"

Nilidhani atakasirika. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. Badala yake alitabasamu, tabasamu lile la nyumbani, akatikisa kichwa.

"Bosi, huyu mtoto yangu. Mimi namjua tangu mdogo. Mvua ikinyesha, anasema nyumba inaanguka. Mbwa akilia, anasema wezi wamekuja. Mke ya Ojera amelia hapa mbele yake, sasa roho yake imegonjwa. Anataka kusaidia kila mtu."

Babra akasema, "Kweli, huyu hata printa ikilia anaruka." Watu wakacheka, si kwa ubaya. Bwana Cleopas naye akacheka kidogo. Akanirudishia karatasi yako, akasema rafiki aliye Moroko anaweza kuandika chochote, akaniambia nichukue mapumziko ya mchana, nilale.

Baba mdogo akanishika bega tulipokuwa tunatoka. "Umejaribu," akaniambia taratibu kwa Kiacholi. "Sasa inatosha. Njoo nyumbani ule." Alisema kwa upendo, Nabalayo. Ningetaka sana uelewe kwamba alisema kwa upendo.

Sikwenda nyumbani. Nilikwenda Namuwongo, nikaulizia mpaka nikampata Alanyo. Alikuwa anafua nguo za watu. Nikamwambia yote, tangu nilipokupandisha juu ya tangi mpaka nilipokuandikia uifute. Aliendelea kufua. Nilipomaliza akakamua shati, akalitundika, akauliza kama Bwana Cleopas alivyouliza.

"Hiyo picha, unayo?"

"Haipo."

"Basi umekuja kunipa nini?"

Nilisimama pale, maji ya sabuni yanapita kati ya viatu vyangu. Baada ya muda akajifuta mikono, akamfunga mtoto mgongoni, akasema, "Twende kituoni. Utasema huko. Kama unaogopa, mimi nitakaa mlangoni, hutapita kurudi."

Akakaa mlangoni kweli.

Askari wa kuandika maelezo alikuwa kijana kama mimi, mwandiko wake mzuri. Hakucheka. Aliniambia mapema kwamba maelezo bila kielelezo hayana uzito mkubwa, kwamba mlinzi mkuu ameshaandikisha yake na yamesainiwa. Nikamwambia najua, niliyachapa mimi. Hapo akainua kichwa. Akaniambia nikisema nilichapa uongo nikijua ni uongo, nami nitakuwa najishtaki. Nikamwambia aandike. Karatasi yako akaipokea, akaibana nyuma.

Akaniuliza jina, kazi, ninakoishi. Hilo la mwisho nilishindwa, nikampa anwani ya ofisi, ingawa sidhani kama Jumatatu nitakuwa na ofisi. Akauliza jina la baba. Nikasema Komakech, marehemu.

"Na huyu Ocira, uhusiano wenu?"

"Ni baba yangu."

Akarudi juu ya karatasi kwa kalamu yake. "Hapa umesema baba yako ni marehemu."

"Huyo naye ni baba. Andika hivyo."

Akafikiri, akaandika. Kisha akageuza ukurasa.

"Haya. Usiku ule, taa ilizimwa na nani?"

Nikamwambia.

Aciro